Nani Amsindikize Nani

11 Februari

Wifi yangu mkubwa,

Hujambo? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama kwenye beseni? Sisi ni wazima wote. Mdogo wako ana mafua mepesi, ila anayaugua kwa sauti kubwa, unamjua mwenyewe. Watoto wanamsalimu shangazi yao na wanauliza lini atakuja kuwapigia pasi sare, maana wamegundua mama yao anazikunja tu na kuzilaza chini ya godoro.

Nakuandikia kama ulivyoniagiza. Ulisema kwenye simu kila mtu ni mzima, anasema "niko poa" anakata, lakini barua inamkalisha mtu chini. Basi nimekaa, na kalamu inavuja.

Saluni ya kusukia huku tulikohamia nimepata, wamenipa viti viwili na kioo chenye ufa. Kikundi cha kuacha pombe nacho nimekipata. Kinakutana Alhamisi jioni chumba cha nyuma cha zahanati, penye mizani ya kupimia watoto wachanga. Anayekiongoza ni nesi, anaongea taratibu kama mtu anayekudunga sindano na hataki ujue. Ya ndani sikwambii, sheria ni ileile. Ila namna yao, wifi, ingekuua. Mtu anaeleza alivyolala mtaroni, mwenzake anamkatiza, "Mtaro upi, ule wa sokoni?" na chumba kizima kinacheka, na yeye mwenyewe anacheka. Mmoja anakuja na mama mkwe wake. Nilikaa nimekaza uso kama tulivyozoea huko, wakaniuliza kama naumwa jino.

Lakini kilichonishangaza ni mwisho wa kikao. Nilivaa koti nikasimama mlangoni. Watu wakanipita, kwaheri, kwaheri. Nesi akaniuliza, "Umesahau kitu?" Nikamwambia namngoja wa kunisindikiza. Akasema, "Akusindikize wapi?" Ikabidi nimweleze kwamba huko kwetu hakuna anayetoka kikaoni peke yake, kila mtu anafikishwa mlangoni kwake na mwenzake, kwa sababu saa ile ndiyo baa zimewasha taa na koo limekauka kwa maongezi. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema wao wanaona mtu mzima ajifunze kuipita njia yake mwenyewe, la sivyo siku msindikizaji akiugua, na msindikizwa naye ataugua.

Nikatoka peke yangu. Baa ya kwanza nimeinamisha macho, ya pili nimekaza mwendo, nilipokuja kushtuka nimeshaipita nyumba yetu na niko mbele ya duka la matairi. Nimekukumbuka sana, ulivyokuwa ukinisindikiza kwa mwendo wako wa kobe.

Wifi yako mdogo


25 Februari

Mke wa mdogo wangu,

Barua imefika na doa lake la wino, na mimi dobi siwezi kusoma barua yenye doa bila kufikiria ndimu na chumvi. Mgongo upo, hauna pa kwenda. Mpe huyo mgonjwa maji ya moto na umwambie hakuna aliyewahi kuzikwa kwa sababu ya kamasi. Wabusu watoto. Hizo sare zitoe chini ya godoro, unaniaibisha mpaka huko.

Nesi wenu simjui, kwa hiyo simsemi. Nasema tu kwamba mtu anayekuacha upite baa mbili peke yako siku ya kwanza ana roho ngumu.

Huku kuna vita. Ulipoondoka nilipangiwa Dereva anisindikize. Unamkumbuka, yule anayekaa na mkono juu ya goti kama bado kashika gia. Mtu mzuri, haongei njia nzima, ukifika anangoja asikie komeo. Sote tulijua anaendesha lori. Hakuna aliyeuliza limebeba nini. Sasa Fundi Saa, kutoka dirishani kwake, kamwona anashusha makreti ya bia pale baa ya jirani, kreti juu ya kreti. Akaileta kikaoni.

Dereva hakuficha. Akasema, "Ni kweli. Nashusha bia tangu asubuhi mpaka jioni, na sijaonja. Nina watoto wanaokula. Mwenye kazi nyingine anipe, kesho naiacha hii." Seremala akasema mtu anayeshika bia kutwa nzima bila kuinywa ndiye wa kutufundisha sisi. Fundi Saa akasema, "Basi mlevi arudishwe nyumbani na mtu anayenukia bia? Tuombe na baa watuletee viti?" Wakaanza kurushiana maneno mpaka chai ikapoa. Mwisho tukapiga kura: Dereva aje vikaoni, lakini asisindikize mtu.

Mimi niliinua mkono pamoja na Fundi Saa. Najua utanisema, kwa hiyo nasema kwanza mimi. Utaratibu ukishaanza kulegezwa unalegea wote, ni kama kamba ya kuanikia. Dereva hakugomba. Alichukua kofia yake akaniambia, "Haya dada, ufike salama." Seremala akanyanyuka naye, na wengine wakamfuata Seremala. Sasa wana kikao chao kwenye karakana yake. Sisi tumebaki na ukumbi, birika kubwa, na sauti ya Fundi Saa.

Wifi yako mkubwa


11 Machi

Wifi yangu mkubwa,

U mzima? Sisi tumepona mafua, yamehamia kwa watoto. Wino nimejaribu ndimu na chumvi, doa limetoka na rangi ya gauni nayo imetoka, ahsante sana.

Nakusema, kama ulivyotabiri. Wewe uliyenibeba mimi mgongoni, nikakutapikia kitambaa chako kizuri, na kesho yake ukaja na chai, leo unamwinulia mkono mtu aliyekuwa anangoja asikie komeo lako? Mimi nilimsuka bibi harusi wiki jana kwenye chumba chenye katoni za mvinyo mpaka darini. Na mimi nisisindikize mtu? Wifi, mwombe radhi yule baba. Hukukosea kuogopa. Ulikosea kuogopa halafu ukaita utaratibu.

Nimeshamaliza, sasa cheka. Niliwaambia wenzangu wa huku juu ya kusindikizana na wakagawanyika hapohapo. Mama mkwe alisema ni jambo la heshima. Mwingine akasema yeye akisindikizwa jirani zake watadhani amekamatwa, yuko na askari. Nesi akasema tujaribu mara moja tu. Nikapangiwa mwenye bucha, jibaba lenye mabega ya mlango, ambaye anakaa upande wa pili wa mji.

Nikamfikisha kwake. Akaona si uungwana mwanamke arudi peke yake, akageuka tukaja wote mpaka kwetu. Tulipofika getini nikakumbuka kwamba sasa yeye ndiye atapita baa zile mbili bila mtu, na ana mwezi wake wa kwanza. Nikageuka naye. Kwake akanitazama, nikamtazama, hakuna aliyejua wa kubaki ni nani. Tukageuka tena. Safari hiyo mdogo wako alikuwa kasimama njiani na koti la mvua, kaambiwa na jirani kwamba mkewe anaonekana akipanda na kushuka barabara na mwenye bucha. Nikaeleza. Bucha akaeleza. Mdogo wako akafikiri, kisha akasema, "Haya, tumsindikize wote, halafu mimi na wewe turudi." Tulipomfikisha Bucha, akataka kutusindikiza tena. Mdogo wako akamfungia geti lake kwa nje.

Nesi alicheka mpaka akakalia mizani. Lakini Alhamisi iliyofuata wanne waliomba wapangiwe watu. Wengine bado hawataki, na tunakula mkate meza moja.

Wifi yako mdogo


1 Aprili

Mke wa mdogo wangu,

Nashukuru kwa salamu. Watoto wape pole ya mafua. Nimecheka ya Bucha, na mdogo wangu mwambie nimemwona mwanamume siku hiyo.

Habari za huku ni chache. Kikao tulibaki watatu, mmoja akahamishwa kazi, tukabaki wawili. Fundi Saa anafungua kikao, anasoma utaratibu, anatazama saa, anaongea, anajijibu, anafunga. Kwenye kunisindikiza anaishia kona ya duka la dawa kwa sababu ya magoti. Wiki mbili zilizopita nilimwambia nimechoka kusikiliza mtu mmoja, akasema mlango uko wazi kama ulivyokuwa kwa wengine. Nikapita kwenye huo mlango.

Kwa Seremala siwezi kwenda. Niende niwaambie nini? Nimeamua kupumzika na vikao kidogo. Mashuka ya hoteli ni mengi msimu huu, nachoka, nalala mapema. Usinihangaikie. Niko poa.

Wifi yako


8 Aprili

Wifi yangu,

Sikuulizi hujambo, kwa sababu nimeshakusoma. Umeandika "niko poa". Wewe. Kwa mkono wako, kwenye barua.

Naogopa, na nakwambia wazi kwamba naogopa. Nimesoma barua yako nikiwa nimemkalisha mteja, nikamsuka mstari mmoja kuelekea kulia na mwingine kushoto, akalipa nusu na sikugomba. Mdogo wako kakupigia simu, umemwambia una mashuka. Kakupigia tena kesho yake, una mashuka. Hoteli gani hiyo ina wageni wengi hivyo?

Sikiliza. Mimi ninapita zile baa mbili kila jioni sasa, na kinachonipitisha si ushujaa. Kuna wenzangu wa meza ile ambao sikubaliani nao hata nusu ya wanayosema. Yule wa "mtaro upi" ananiudhi kila wiki. Lakini Alhamisi moja sikwenda kwa sababu ya mtoto, na yeye ndiye aliyekuja kugonga. Nenda karakana. Usiandae hotuba. Ingia ukae kwenye benchi, watakuuliza unataka chai au hutaki, ndiyo yote.

Nijibu. Hata mistari miwili yenye matusi.

Wifi yako mdogo


6 Mei

Wifi,

Mwezi mzima bila barua yako. Mwenye saluni kanipa ruhusa. Isipofika barua kabla ya tarehe ishirini, nitakuja mwenyewe, na nitakaa kitandani kwako na viatu mpaka uongee. Watoto wanakuombea. Mdogo wako hali vizuri, na unajua kwake hilo ni jambo zito.

Wifi yako mdogo


13 Mei

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, mama wa watoto wangu,

Hamjambo wote? Mimi ni mzima. Nimeliandika polepole neno hilo na nimelitazama, na ni kweli. Mgongo unauma, ila safari hii ni kwa sababu nitakayokueleza. Mwambie mdogo wangu ale.

Kwanza, nilikunywa.

Ungependa nikupe sababu na mimi ningependa kuwa nayo. Umeme ulikatika, pasi ikazima, nina rundo la mashuka mabichi na ukimya nyumbani, nikasema nitoke nipunge hewa. Miguu ikajua njia kabla yangu. Nilichagua baa ya mbali, kule nyuma ya maghala, kwa akili kabisa: hakuna mtu wa kikundi angenikuta huko, maana sisi sote tunazikwepa baa hata kwa macho. Nikaagiza. Nikameza mafunda mawili. Sitakudanganya kwamba ilikuwa chungu. Ilikuwa tamu, na nilijua kabisa ninavyoendelea baada ya hapo, mpaka asubuhi ya kutojua kiatu kiko wapi. Niliogopa, wifi. Niliogopa na mkono ukaenda tena kwenye glasi.

Ndipo nikasikia makreti yanagongana mlango wa nyuma.

Akaingia na kreti begani. Akaniona. Akalishusha, akarudi kuleta jingine, akamaliza mzigo wake wote kama kawaida, na mimi nimekaa pale nikiomba sakafu ipasuke. Kisha akaja kusimama mezani, jasho linamtoka. Hakutazama glasi. Akasema, "Dada, nimebakiza baa nne. Utingo wangu kaacha kazi. Kiti chake kipo."

Nikamwambia, "Tulisema wewe usisindikize watu."

Akafuta jasho. Akasema, "Mlisema kutoka kikaoni. Hapa si kikaoni."

Nikapanda lori la bia. Nililia mpaka baa iliyofuata, na yeye akafungua redio ili nisijisikie nikilia. Lakini kiti kile kiko juu, unaona mpaka ndani ya baa. Kila alipomaliza kushusha, mwenye baa alimfungulia chupa moja, baridi, ya bure. Ni desturi yao, moja ya dereva. Kila mahali anaikataa kwa utani mwingine. Huku kasema kadungwa sindano, kule kasema mke wake ana pua ndefu. Baa ya mwisho nikamuuliza, "Kila siku ni hivi?" Akasema kila siku. Nikamuuliza, "Nani anajua?" Akasema, "Nani aliuliza?"

Sisi tulikuwa tunashikana mikono kuvuka barabara moja, wifi. Na huyu tulimwinulia mikono.

Alinishusha mlangoni kwangu, mtaa mzima unatazama, akangoja asikie komeo. Kesho yake nilikwenda karakana. Sikuwa na hotuba, kama ulivyosema. Nilikaa kwenye benchi lenye maranda, nikaulizwa chai, nikasema nataka. Kisha nikawaambia yote, na nikamwomba Dereva radhi mbele yao. Alipangusa maranda kwenye kofia yake. Akasema iliuma. Akasema basi.

Fundi Saa naye alikuja, na magoti yake hayohayo. Kumbe alipita kwangu mara kadhaa na chupa ya chai, akagonga, na mimi nilijifanya sipo. Mjadala ukaanza papo hapo: mafunda mawili ni kuanza upya kuhesabu siku au siyo? Seremala anasema mafunda mawili ni chafya tu, mtu afute pua aendelee. Fundi Saa anasema saa iliyosimama hata kidogo lazima irekebishwe, huwezi kuiacha ikadanganya watu. Wakabishana mpaka giza likaingia, mmoja kashika msumeno, mwingine kavua miwani. Nilikaa katikati yao nikajisikia vizuri sana, moyo ukatulia. Nimeamua kuanza upya. Si kwa ajili ya Fundi Saa. Nataka tu nikisema muda wangu nisihitaji kuutolea maelezo.

Sasa tuko karakana wote. Fundi Saa bado anasema bia ni bia, Seremala bado anamwita polisi. Hilo halitaisha na nimeacha kutaka liishe.

Ila niliuliza swali moja. Kila mtu hapa ana wa kumfikisha nyumbani. Dereva anapita baa zote za mji huu kila siku, nani anamsindikiza yeye? Nikasema hoteli hainiletei mashuka Jumamosi, na kiti cha utingo kipo. Fundi Saa akaruka: mwanamke aliyeteleza juzi apandishwe lori la bia? Nikamwambia peke yangu singeweza, na Dereva peke yake asiendelee kuweza. Tukapiga kura, zikalingana. Jumamosi nikapanda hivyohivyo.

Ndiyo maana mgongo unauma, kiti kile kina chuma. Nashuka naye kila baa, nasimama mlangoni mikono kiunoni. Wakimfungulia ile moja, namimina chai kwenye vikombe viwili na tunainywa pale pale kaunta, mimi na yeye, wahudumu wakitushangaa. Jumamosi iliyopita Fundi Saa alikuwa dirishani. Alitutazama, akatikisa kichwa, kisha akatutumia sukari. Muulize nesi wako anaonaje. Akisema ni makosa, usiniambie.

Jambo moja la mwisho, na ulifikishe leo hii. Mwambie mdogo wangu, kabla hajasikia kwa watu. Watamwambia dada yake anaonekana akiingia baa mchana kweupe, akitoka hii akiingia ile, akishuka kwenye lori la bia na mwanamume. Asigombane nao. Ni kweli.

Wifi yako mkubwa